Aragonaiti Haiwaki? Shuku Taa Kwanza, Jiwe Mwisho

Malalamiko ya wakusanyaji wa mawe kuhusu aragonaiti, madini ya jamii ya chokaa yanayowaka kwenye taa ya UV (mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa jicho), hufanana. Picha ya muuzaji ilionyesha jiwe la waridi linalong'aa gizani. Kilichofika ni kipande cha kijivu ambacho hata ukikimulika kutwa hakijibu. Mwenyewe anahitimisha kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kosa liko kwenye tochi, au kipande ni kichafu, au amekimulika kikiwa bado ndani ya kiboksi chenye kifuniko cha kioo. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio: taa, kisha uchafu na gundi, kisha jiwe lenyewe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha taa na kusafisha jiwe siku hiyo hiyo, hutajua kipi kilichosaidia.

Mfano wangu ni aragonaiti ya Sisilia, Italia, ile ya mkoa wa Agrigento, kutoka kwenye migodi ya salfa ya maeneo kama Cianciana na Racalmuto. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayotafutwa sana na watu wa mawe yanayowaka, na pia kwa sababu matatizo yake ni mengi. Migodi ile ilishafungwa, kwa hiyo vinavyozunguka sokoni vinatoka kwenye makusanyo ya zamani. Kipande kimeshapita mikono ya watu wengi, kimegundishwa, kimepakwa mafuta, na kimekaa kwenye makabati ya kila aina.

Kipande kizuri cha huko kina nguzo fupi nene zenye pande sita, nyeupe au kijivu, na mara nyingi kuna fuwele za salfa za njano pembeni. Ukikimulika, aragonaiti huwaka kwa rangi ya malai hadi waridi, na ukizima taa hubaki mwanga hafifu mweupe wenye ukijani kwa muda mfupi. Salfa haiwaki. Kwa hiyo ukiona madoa meusi yaliyokaa palepale penye njano, hiyo si hitilafu. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu hurudisha kipande kizima kwa ajili ya hilo tu.

Hakiwaki kabisa

Usiguse jiwe bado. Chukua kijiko cha chuma kisichoshika kutu, zima taa za chumba, kimulike. Kijiko hakiwaki, kwa hiyo unachokiona hapo ni mwanga wa tochi yenyewe unaorudi. Ukiona zambarau kali inayoumiza jicho, tochi yako ni ya nanomita 395 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), au ni ya 365 isiyo na kichujio. Ukiona weusi wenye dalili ndogo tu ya zambarau, una tochi nzuri ya 365 yenye kioo cheusi mbele.

Tochi za 395 ndizo zilizojaa madukani kwa bei ya chini, zile zenye LED ndogo nyingi zilizopangwa duara, zinazotangazwa kwa kutafutia nge au mkojo wa paka kwenye zulia. Kwa nge zinafaa. Kwa aragonaiti ni hasara, kwa sababu mawimbi hayo yako ukingoni mwa mwanga unaoonekana, na jicho linaona zambarau ya tochi kabla halijaona waridi la jiwe. Mng'ao hafifu unamezwa. Noti ya benki haitakusaidia kuitambua tochi hii, maana alama za kwenye noti huitika hata kwa 395. Kijiko ni kipimo bora kuliko noti.

Tochi ikifaulu mtihani wa kijiko, ijaribu kwenye jiwe ambalo unajua tabia yake. Kwa mtu aliye karibu na Arusha au Morogoro hili ni jepesi: tafuta kwa dalali kipande kidogo cha spineli (aina ya kito) nyekundu ya Mahenge, hata kile chenye nyufa kisichofaa kukatwa. Spineli ya Mahenge huwaka nyekundu kali kwenye 365. Spineli ikiwaka na aragonaiti ikae kimya, taa ya mawimbi marefu, yaani hiyo ya 365, haina kesi tena. Vyote viwili vikikaa kimya, angalia betri. LED ya UV ikipungukiwa umeme hufifia bila wewe kutambua, kwa kuwa mwanga wake hauonekani. Tochi ya kawaida ingekuonya mapema.

Kisha kuna suala la urefu wa wimbi. Mawe mengi huwa na rangi moja kwenye mawimbi marefu ya nanomita 365 na rangi nyingine, au ukimya, kwenye mawimbi mafupi ya 254. Lebo nzuri husema ni mawimbi gani. Lebo ikiandika mafupi na wewe una 365 peke yake, hujalijaribu jiwe bado. Taa ya mawimbi mafupi hugharimu zaidi, na hapo kuna mtego mwingine: baada ya janga la korona soko lilijaa taa za kuua vijidudu. Zile za kweli zenye mrija wa zebaki hutoa 254, lakini hazina kichujio, kwa hiyo humwaga pia mwanga wa samawati unaofunika kila kitu. Zile za bandia ni LED za bluu tu. Kuzitofautisha, weka karatasi nyeupe mezani, laza kipande cha kioo cha dirisha juu ya nusu yake, kisha mulika. Kioo cha kawaida huzuia mawimbi mafupi. Nusu iliyofunikwa ikififia sana kuliko nyingine, taa ni ya kweli. Nusu zote zikilingana, umenunua taa ya mapambo.

Kanuni hiyo hiyo ya kioo ndiyo inayowaangusha wenye makabati. Jiwe lililo nyuma ya kioo halipati mawimbi mafupi hata kidogo, na plastiki nyingi za viboksi huyazuia pia. Toa jiwe nje.

Kabla hujaendelea, neno kuhusu macho. Mawimbi mafupi huunguza sehemu ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, yanayofanana na mchanga machoni. Vaa miwani ya kinga ya polikaboneti, usimulike mkono wako, na usimpe mtoto taa ya 254 achezee. Tochi ya 365 nayo haifai kuangaliwa moja kwa moja, hasa ile yenye kichujio, kwa sababu inaonekana kama imezimika ilhali inamwaga nguvu yote.

Taa ikishapita, jaribu giza. Giza la sebuleni mchana na pazia limefungwa halitoshi kwa kipande hafifu. Subiri usiku, zima hata taa ndogo ya luninga, kaa gizani kama dakika kumi macho yazoee, na sogeza taa karibu. Watu husimama mita moja na tochi ndogo halafu wanashangaa. Sentimita kumi ndiyo mahali pake.

Bado kimya? Sasa uchafu. Vumbi la miaka mingi, utando wa udongo na kutu ya chuma vinaweza kufunika uso wote wa fuwele. Chuma kina ubaya wa pili: kikiwa ndani ya jiwe lenyewe huua mng'ao, hata jiwe likiwa safi. Aragonaiti ya kahawia-nyekundu kutoka Tazouta karibu na Sefrou, Moroko, zile zinazochomoza pande zote kutoka katikati, zina chuma na udongo mwingi, na mara nyingi huwaka hafifu tu au haziwaki. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ni jiwe zuri la mchana. Ukiuziwa hilo kama jiwe la kuwaka, mjadala ni kati yako na muuzaji.

Kinawaka zambarau au bluu kila mahali

Hiyo si rangi ya jiwe. Ni mwanga wa tochi unaorudi kutoka kwenye uso mweupe. Rudi kwenye kijiko. Kama kijiko na jiwe vina rangi ileile, hujaona mng'ao wowote. Kichujio cheusi cha aina ya ZWB2 kikiwekwa mbele ya tochi ya 365 huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kwenye tochi ya 395 hakisaidii kitu, kwa sababu kinakata kile kile tochi inachotoa.

Madoa meupe-bluu yasiyofuata fuwele

Hapa ndipo taa ya UV inapokuwa na faida kuliko jicho la mtaalamu, na ndipo ningetumia muda mwingi kabla ya kulipa pesa. Mng'ao wa madini hufuata umbo lake: unaishia pale fuwele inapoishia, au unafuata matabaka ya ukuaji. Mng'ao unaokatisha katikati ya nguzo, unaotiririka kwenye ufa, au unaotengeneza kitone chenye ukingo laini ni kitu kilichoongezwa.

Nyuzi nyembamba za bluu kali zilizosambaa ovyo ni za nguo. Sabuni za unga huwa na kemikali za kung'arisha zinazowaka bluu, na kila kitambaa kilichofuliwa nazo huacha nyuzi. Ndiyo maana fulana nyeupe huwaka gizani. Puliza kwa mpira wa kupulizia vumbi la kamera, wala usifute kwa kitambaa kingine, utaongeza.

Mstari wa meupe-bluu au manjano hafifu unaozunguka shina la nguzo ni gundi, na kwenye kipande cha Sisilia uutarajie. Gundi ya epoksi huwaka vizuri sana. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, zungusha kipande taratibu chini ya 365, na ufuate ule mstari. Ukienda sambamba na ufa mmoja, nguzo ilivunjika ikarudishwa mahali pake. Ukiona dimbwi la gundi chini ya nguzo na hakuna ufa unaolingana juu yake, nguzo imetoka kwenye kipande kingine ikapandikizwa. Tofauti hiyo ni kubwa kwenye bei. Ukarabati ukielezwa waziwazi ni jambo la kawaida katika biashara hii. Upandikizaji bila kusema ni ulaghai.

Usikimbilie kuitoa gundi. Asetoni huyeyusha gundi za haraka, zile za matone, lakini epoksi iliyokauka haiigusi sana, na huenda gundi hiyo ndiyo inayoshikilia kipande kisisambaratike. Ukiamua lazima, tumia asetoni halisi na pamba kwenye ncha ya kijiti, mbali na salfa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha si mbadala: nyingi zina mafuta na manukato yanayoacha utando mpya wa kuwaka.

Kipande kizima kikiwa na utando wa bluu-nyeupe na kinateleza kidogo mkononi, kimepakwa mafuta au nta ili fuwele zionekane angavu. Maji ya kawaida, tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na mswaki laini hutosha kwa sehemu kubwa. Suuza vizuri, maana sabuni yenyewe ikibaki inaweza kuleta madoa mengine.

Kilichosafishwa kimekufa weupe, hakina mng'aro tena

Aliyekisafisha ametumia asidi. Aragonaiti ni kalisi kaboneti, sawa na chokaa, na siki, limau au dawa ya kusafishia choo huila papo hapo huku ikitoa povu. Uso uliokuwa laini unakuwa na mashimo madogo na kupoteza mng'aro wa mchana. Mng'ao wa UV unaweza kubaki, lakini uso haurudi. Kwenye minada ya mtandaoni vipande vya namna hii hupigwa picha chini ya UV tu. Omba picha ya mchana kila mara.

Rangi haifanani na lebo

Kwanza ulizia mawimbi, kama nilivyosema. Yakifanana na bado rangi ni tofauti, uliza kama kweli ni aragonaiti. Ndugu yake wa karibu, kalsaiti, ana kemia ileile kabisa ila mpangilio wa ndani tofauti. Kwenye aragonaiti kila atomu ya kalisi imezungukwa na oksijeni tisa, kwenye kalsaiti ni sita. Tofauti hiyo hubadilisha rangi: manganisi kidogo kwenye kalsaiti huleta nyekundu-chungwa, kama kalsaiti maarufu za Franklin, New Jersey, Marekani, zinavyowaka kwenye mawimbi mafupi. Manganisi hiyohiyo kwenye aragonaiti huelekea kijani-manjano. Waridi na malai ya Sisilia huhusishwa zaidi na mabaki ya viumbe na mafuta yaliyonaswa ndani, jambo la kutarajiwa kwenye salfa ambayo bakteria waliitengeneza kutoka kwenye jasi. Kwa hiyo kipande kinachowaka nyekundu-chungwa kali kwa 254 na kina lebo ya aragonaiti kinastahili swali. Si hukumu, ni swali.

Majibu hayapatikani kwa siki, maana yote mawili hutoa povu. Anza na lenzi. Tafuta mahali palipovunjika zamani, upande wa nyuma. Kalsaiti hupasuka kwa nyuso bapa zinazong'aa na kupishana kwa mshazari, na hata kipande kidogo kina umbo la sanduku lililoinama. Aragonaiti huvunjika ovyo, uso wake ukiwa na mawimbi. Kisha tazama juu ya nguzo. Nguzo ya aragonaiti yenye pande sita kwa kawaida ni fuwele tatu zilizoungana, kwa hiyo kwenye uso wa juu utaona mistari ya maungio, na kwenye baadhi ya pande utaona mifereji midogo inayoshuka. Ukiupata mfereji huo, umepata karibu nusu ya jibu. Nusu tu, kwa sababu kuna aragonaiti za kale zilizogeuka kuwa kalsaiti zikabakiza umbo lilelile la nje.

Kipimo kinachobaki mezani ni uzito. Aragonaiti ina msongamano wa karibu 2.93 hadi 2.95, kalsaiti 2.71. Mizani ya sonara au ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako wala kuta. Namba inayosomeka ndiyo ujazo wa jiwe. Jiwe la gramu 88 likisoma 30.0, gawanya, unapata 2.93. Likisoma 32.5 ni 2.71, na una kalsaiti mkononi. Futa viputo vya hewa kwa brashi kabla ya kusoma, na usijidanganye kwa kipande chenye salfa, kwa sababu salfa ina 2.07 tu na itavuta hesabu yote chini. Kipimo hiki ni cha fuwele pekee isiyo na mwamba.

Kwa kipande cha bei kubwa, maabara yenye kifaa cha Raman, kinachotambua madini kwa mwanga wa leza, humaliza ubishi kwa dakika chache bila kukwangua kitu. Kuna pia njia ya zamani ya kuchemsha unga wake kwenye nitrati ya kobalti, ambapo aragonaiti hugeuka zambarau hafifu na kalsaiti hubaki nyeupe. Hiyo inahitaji chembe ya jiwe na kemikali yenye sumu, waachie watu wa chuo.

Lebo yenyewe nayo huwa na makosa yasiyo ya ulaghai. Madini haya yamepewa jina kutokana na mji wa Molina de Aragón, Uhispania, na wauzaji wengi huandika kwamba kipande kimetoka jimbo la Aragón. Mji huo uko mkoa wa Guadalajara, nje ya Aragón. Lebo ya kale yenye mwandiko wa mkono, hata ikiwa na kosa, usiitupe. Bandika yako pembeni.

Kiliwaka dukani, nyumbani kimefifia

Taa ya muuzaji ilikuwa kubwa, sanduku lake lilikuwa jeusi ndani, na macho yako yalikuwa yamezoea giza. Hayo matatu yanaeleza kesi nyingi. Ikiwa kipande ni chako tangu zamani na kimefifia kwenye taa ileile ya mawimbi mafupi, shuku kichujio. Vichujio vya taa hizo, hasa vya aina ya zamani, huchoka kwa kadiri vinavyopigwa na mionzi ya taa yenyewe na kuanza kuizuia. Mrija unaonekana unawaka vilevile, lakini kinachotoka kimepungua. Jaribu kipande kingine unachokijua kabla ya kulaumu hiki.

Mwanga wa baada ya kuzima hauonekani

Mara nyingi upo, ila macho yamepofushwa na tochi. Fumba macho, shikilia tochi karibu kabisa na jiwe kwa sekunde kama ishirini, izime, ndipo ufumbue mara moja. Chumba kiwe giza kweli. Kama jirani yako ana stika za nyota zinazowaka ukutani, usifanyie jaribio hapo.

Unga mweupe unaoota juu ya jiwe

Wakusanyaji wa makombe wa Mombasa, Zanzibar na Dar wanaufahamu ugonjwa huu kuliko watu wa mawe. Kombe lililokuwa linang'aa kabatini linapauka, kisha linaota chembe nyeupe zenye dokezo la harufu ya siki. Makombe mengi yametengenezwa kwa aragonaiti, na kinachoyala ndicho kinachola jiwe lako. Ugonjwa huu uliandikwa na Mwingereza Loftus St. George Byne mwaka 1899, naye akadhani ni bakteria. Chanzo halisi ni mvuke wa asidi ya siki na ndugu zake unaotoka kwenye mbao, hasa mwaloni, plaiwudi, MDF (mbao za unga wa mti ulioshindiliwa) na kadibodi duni, ukisaidiwa na unyevu. Pwani unyevu haukosekani.

Chini ya UV unga huo huonekana kama ukungu unaofifisha waridi, na watu hudhani jiwe limekufa. Toa kipande kwenye kabati hilo siku hiyohiyo. Kama hakina salfa, suuza kwa maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea betri, si asidi yake, au ya hospitali, mara kadhaa, kausha kivulini kabisa, brashi taratibu. Kilicholiwa hakirudi, lakini kitakoma. Kurudisha jiwe kwenye droo ileile ya MDF ni kuanza upya. Hamishia kwenye kabati la chuma au viboksi vya plastiki ya polipropilini, na mfuko wa silika jeli ndani yake. Usiliweke pamoja na pairaiti (madini ya chuma na salfa) inayooza, kwa sababu pairaiti ikiharibika hutoa asidi ya salfuri, na kaboneti iliyo jirani ndiyo huwa ya kwanza kuungua.

Salfa inapasuka

Hili ni la vipande vyenye salfa kama vya Sisilia, lakini huuma. Salfa husafirisha joto polepole mno. Uso ukipashwa na kiganja unatanuka, ndani bado kuna baridi, inapasuka. Kuna wakati unausikia mlio. Shika kipande upande wa mwamba au aragonaiti, usikioshe kwa maji moto wala baridi, usikianike juani, na taa yenye joto isikae karibu kwa muda mrefu. Kwa usafi wa kipande cha namna hii brashi kavu inatosha. Weka pia mbali na vito vya fedha, utavikuta vimekuwa vyeusi.

Picha ya simu haifanani na unachokiona

Simu hujaribu kuugeuza usiku kuwa mchana. Inaongeza mwanga mpaka waridi linakuwa jeupe, au inashika zambarau ya tochi na kuisambaza. Fungua kamera kwa mpangilio wa mkono, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) chini, muda wa kupiga mrefu kidogo, rangi iwe kwenye alama ya jua, simu iegemezwe isitikisike. Mbele ya lenzi ya simu weka kichujio kinachozuia UV. Punguza mwanga hadi picha ionekane nyeusi kidogo kuliko inavyopaswa. Rangi itakuwa imerudi.

Ukiwa mnunuzi, geuza hoja hii upande wako. Omba video moja isiyokatwa: kipande, kijiko cha chuma na kipande cha karatasi nyeupe pamoja kwenye fremu, taa ya chumba ikiwaka, kisha kuzimwa, kisha UV kuwashwa. Kijiko kitaonyesha aina ya tochi na karatasi itaonyesha kama rangi zimeongezwa. Muuzaji mzoefu haoni taabu kuitoa. Muuzaji anayetaka malipo kwanza ndipo atume video, mwambie utasubiri kipande kingine.